Kuhama kikazi katikati ya mwaka: nyumba huulizwa kabla ya siku

Wafanyakazi wanaotoka Unguja na Pemba kwenda Mombasa au Muscat hutujia na hesabu iliyokwisha kukamilika: "Mwaka huu sikutimiza siku 183 nyumbani, kwa hiyo kodi ya hapa hainihusu tena." Hesabu hiyo ina ukweli, lakini imeruka hatua ya kwanza. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtambua kuwa mkaazi mtu aliyekuwepo nchini kwa siku 183 au zaidi; hata hivyo, aliye na makaazi ya kudumu nchini na akawepo japo sehemu ya mwaka wa mapato ni mkaazi pia, wala siku zake hazihesabiwi.

Tuchukue mpishi mwenye nyumba Wete, ambako mkewe na watoto wamebaki, aliyefanya kazi Nungwi hadi 31 Mei 2025 na kuanza kazi Mombasa tarehe 1 Juni. Hapa ana siku 151, Kenya ana 214. Kenya, ambayo nayo hutumia kipimo cha siku 183, inamhesabu kuwa mkaazi wake. Tanzania, kwa ajili ya nyumba ya Wete, haijamwachia. Na mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, yakiwemo ya nje ya nchi.

Hilo halina maana kwamba atalipa mara mbili kwa ukamilifu. Sheria inamruhusu kutoa kodi aliyolipa Kenya katika kodi anayodaiwa hapa kwa mapato hayo hayo, isipokuwa kiasi kinachotolewa hakiwezi kupita kodi ya Tanzania juu ya mapato hayo. Ikiwa Kenya imemkata zaidi, ziada hiyo hairejeshwi hapa. Ushahidi wake ni fomu ya P9, inayoonesha mshahara na kodi iliyokatwa, anayopewa na mwajiri wa Mombasa; ataihitaji pia kuwasilisha ritani yake (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) ya Kenya ifikapo 30 Juni ya mwaka unaofuata, hata kama kodi yote ilikatwa mshaharani.

Wengi husahau ritani ya huku kwa sababu inayoeleweka. Mwajiriwa ambaye mapato yake ni mshahara tu, uliokwisha kukatwa kodi na mwajiri, kwa kawaida hatakiwi kuiwasilisha. Mwajiri wa Mombasa, lakini, hakati kodi ya Tanzania, na kwa mshahara huo nafuu hiyo haipo.

Aliyekwenda Muscat ana jambo la ziada. Oman bado haitozi kodi ya mapato ya watu binafsi, na sheria iliyoipitisha mwaka 2025 itaanza kutumika 2028. Kwa hiyo mwenye makaazi ya kudumu hapa hana kodi ya nje ya kuitoa katika kodi anayodaiwa hapa.

Kwa anayevuka kwenda Dar es Salaam, hayo yote hayamhusu: kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na bahari ile si mpaka wa kodi hiyo.

Kwa mpishi wetu, cheti cha kodi iliyokatwa Nungwi kuanzia Januari hadi Mei kiombwe kabla ya kuondoka, maana kukifuatilia ukiwa Mombasa, wakati mhasibu aliyekujua naye amekwisha kuhama, ni kazi ya miezi.