Butiloda ni nini, na kwa nini ikikwama usikimbilie kufomati

Kijana wa chuo aliingia kwenye kibanda cha fundi pale Kariakoo, amekumbatia laptop yake. Kioo kilikuwa cheusi, kimeandika grub rescue tu.

"Dogo, hapa tunafomati, tunapiga Windows."

"Kaka, humo kuna ripoti yangu ya mwaka mzima."

Niliingilia, maana ripoti ilikuwa salama. Kilichokwama ni butiloda.

Kompyuta ikiwashwa, haijui kama ina Linux au mfumo endeshi mwingine. Programu iliyo kwenye madabodi hukagua memori na diski, kisha huiachia kazi butiloda. Hiyo huitafuta keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, huipandisha kwenye memori, huikabidhi mashine na kuondoka. Ni kama mpiga daku: akishaamsha nyumba, anapita zake.

Kwenye mashine za zamani butiloda huanzia sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na za programu ni 446 tu. Kwa ufinyu huo inabidi igawanyike: kipande kidogo kinakiita kikubwa. Kwenye mashine mpya za UEFI, yaani zenye programu ya madabodi ya kisasa, ni faili la kawaida ndani ya patisheni yake, yaani kipande cha diski kilichotengwa. Zamani Linux ilitegemea butiloda iitwayo LILO, iliyokariri mahali keneli ilipo. Ukibadilisha keneli bila kuiarifu, mashine haiwaki. GRUB, butiloda iliyoanza 1995 na ndiyo inayokuja na Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, inasoma mafaili yenyewe. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na ndiyo iliyomwokoa kijana yule.

Laptop yake ilikuwa ya zamani, naye alikuwa amefuta patisheni moja tupu apate nafasi. Namba zikasogea: patisheni ya Ubuntu, iliyokuwa ya sita, ikawa ya tano. GRUB ikaenda kubisha hodi nyumba ya sita, ikakuta hakuna nyumba.

Pale kwenye grub rescue tukaandika amri ya ls, zikajipanga patisheni zote. Tukachungulia moja moja hadi (hd0,msdos5), tukaona folda za home na boot. Tukaielekeza:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ikapanda. Ubuntu ilipowaka tukaendesha amri ya grub-install, ili GRUB ishike anwani mpya. Bila hivyo, ukizima na kuwasha unarudi pale pale. Kijana akafungua ripoti yake, akaishusha hadi ukurasa wa mwisho, akaomba flashi.