Acheni kufungua kebo ya breki ya mbele

Tangu mvua zianze, kitengo chetu cha mafunzo kimekuwa kikiwatembelea waendeshaji wa bodaboda vituoni mwao, kuanzia Bahati na Solai hadi Subukia na Mau Narok, katika Kaunti ya Nakuru. Kazi yetu ni kufunza, si kukamata. Nalisema hili mapema kwa sababu kila tunapofika, nusu ya kituo huwasha pikipiki na kutoweka.

Waliobaki ndio walionifanya niandike. Tumekuta pikipiki ambazo kebo ya breki ya mbele imefunguliwa kwa makusudi, leva inaning'inia tu kama pambo. Ukimwuliza mwenyewe, anakujibu bila wasiwasi: "Hiyo ya mbele itakubinua, mwalimu." Nimelisikia jibu hilo miaka mingi, na bado linanichosha.

Ukishika breki, uzito wa pikipiki, wako na wa mzigo huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini, la nyuma likawa jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha. Abiria akikaa nyuma, breki ya mguu, yaani ya gurudumu la nyuma, hupata nguvu zaidi kuliko ukiwa peke yako, lakini haitoshi kuwa badala ya ile nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, unasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akitoka shambani mbio, hizo mita 14 zimekwisha kabla hata hujagusa kitu.

Barabara ya changarawe ni habari nyingine, na hapo nawaelewa waoga. Gurudumu la mbele likifunga, yaani likiacha kuzunguka, juu ya kokoto halifuati tena usukani, na unajikuta chini kabla hujajua umekosea wapi. La nyuma likifunga, mkia huyumba, lakini mara nyingi unaweza kuachia na kujirekebisha. Kwa hiyo kwenye changarawe mguu hufanya kazi zaidi kuliko kwenye lami, na mkono hufanya kazi kwa upole. Kwa upole, sikusema usifanye kazi.

Kinachoangusha ni kunyakua. Weka vidole viwili kwenye leva ukamue kama unavyokamua ng'ombe, nguvu ikiongezeka kidogo kidogo kadiri uzito unavyohamia mbele. Ng'ombe akinyakuliwa chuchu, anapiga teke. Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Ukihisi usukani umelegea mikononi, achia kidogo, kisha kamua tena. Makalio yarudi nyuma, magoti yabane tangi, mikono isikakamae. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima, kwa kuwa ikishalala, mshiko wa tairi unatumika kugeuka na haubaki wa kusimamia. Wenzetu wa Vihiga kwenye udongo mwekundu uliolowa, na wa Ahero kwenye ule mweusi unaojaa hadi chini ya madigadi, wapunguze mwendo mapema zaidi na mkono wao uwe mwepesi zaidi.

Kuna na hawa wanaoteremka Subukia wakiwa nyutro, injini imezimwa, eti wanaokoa mafuta. Shuka na gia ambayo ungepandia. Injini itakuzuia, nawe hutalazimika kukandamiza breki mfululizo hadi ngoma zipate moto na breki zipoteze makali. Ukivuka maji, gusa breki zote mbili taratibu kwa mita kadhaa zikauke.

Kuhusu sheria, kwa kuwa huulizwa kila mara. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka chombo na sehemu zake zote viwe katika hali isiyohatarisha mtu barabarani. Adhabu iko kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. "Isiyozidi" maana yake ni kwamba hicho ndicho kikomo; kiasi hasa huamuliwa na hakimu, wala ofisi yetu haina usemi hapo. Leseni ya A2 nayo ni ya pikipiki yako binafsi. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji A3. Tafadhali msitulete kwenye mabishano ya A2.

Ukiirudisha kebo, usitoke kwa fundi ukaenda moja kwa moja kupakia. Breki iliyolala muda mrefu inaweza kushika ghafla, au isishike kabisa. Tafuta uwanja mtupu, bila abiria, kwa kilomita 20 kwa saa, ukamue mara kumi au ishirini hadi vidole vizoee.