Kupima kasi ya ukurasa kwa rekodi: dhana potofu na ukweli

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Aliyebadilisha kodi (maandishi ya programu) ya tovuti yake wiki ile kisha akaipima moja kwa moja mtandaoni angeapa kwamba ameiharibu kwa mikono yake.

Ndiyo maana tunarekodi. Unafungua ukurasa mara moja, programu inahifadhi kila ombi la kivinjari na kila jibu la seva. Siku ya kupima, kivinjari kinajibiwa kutoka kwenye rekodi hiyo, na mtandao wa nje hauguswi. Mbinu hii naitetea kwa nguvu zote, na kwa sababu hiyohiyo inaniuma kuona inavyoeleweka vibaya.

Dhana: Namba ninayoipata ndiyo kasi wanayoiona wateja.

Hapana. Rekodi inasomwa kutoka kompyuta iliyo mezani kwako. Hakuna umbali, na hakuna seva inayohangaika na hifadhidata. Unaweza kuongeza ucheleweshaji wa makusudi, kwa mfano kwa zana iitwayo netem kwenye Linux, lakini mtandao wa simu hupanda na kushuka kwa namna ambayo namba moja haiwezi kuiga. Rekodi inajibu swali moja tu: vitu vingine vyote vikibaki vilevile, badiliko hili limeongeza kasi au limepunguza? Kasi ya wateja ipime kwa wateja wenyewe. Google nao, wanaposema kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, wanaangalia matembeleo ya watu halisi, na wanataka angalau asilimia 75 ya matembeleo hayo yafikie kiwango hicho.

Dhana: Nimebadilisha kodi yangu, nacheza rekodi ya zamani nione tofauti.

Kosa hili hula siku nzima za watu. Rekodi imebeba kodi yako ya zamani, kwa hiyo ndiyo itakayorudi. Mbinu hii iliwafaa kwanza waundaji wa vivinjari, ambao kwao ukurasa unabaki palepale na kivinjari ndicho kinachobadilika: Chrome wana programu yao ya kurekodi, Web Page Replay, na Firefox hutumia nyingine, mitmproxy. Wewe unayebadilisha ukurasa, ruhusu faili zako zitoke kwenye seva yako ya majaribio, na rekodi ijibu yale ya wengine tu: matangazo, fonti, ramani.

Dhana: Ukurasa ukisharekodiwa, kila mzunguko utafanana na mwingine.

JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, huuliza saa, na hubuni namba za bahati nasibu. Tangazo likiweka namba ya namna hiyo kwenye anwani yake, leo litaomba anwani ambayo haimo kwenye rekodi, nalo litakosekana. Matokeo yake ukurasa unafunguka haraka kuliko jana, nawe unafurahia kasi iliyotokana na pengo. Web Page Replay hupandikiza kipande cha kodi kinachofanya saa na namba hizo zitabirike, na ombi lisipopatikana lilivyo, hutafuta linalokaribiana nalo. Bado mimi huhesabu maombi yaliyokosa jibu na kupiga picha ya skrini kabla sijaamini namba yoyote. Kisha narudia mara nyingi na kuchukua thamani ya katikati, maana kompyuta ikipata joto hupunguza mwendo bila kukuaga.

Dhana: Majibu yote yakitoka seva moja, si neno.

Ukurasa wa kawaida huvuta vitu kutoka seva nyingi, na kwa HTTP/1.1, toleo la zamani la kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, vivinjari vikubwa hufungua miunganisho isiyozidi sita kwa kila jina la seva. Ukizikusanya zote mahali pamoja, foleni zinabadilika. Mahimahi, programu iliyotoka MIT na kuelezwa mwaka 2015, iliundwa kwa kuzingatia hilo: kila seva iliyokuwemo wakati wa kurekodi hupewa seva yake ya kuiiga wakati wa kucheza rekodi.

Dhana: HTTPS, yaani mawasiliano ya tovuti yaliyofichwa kwa siri, hairekodiki.

Inarekodika. Programu hukaa katikati na kutoa cheti chake (hati ya kidijitali ya kujitambulisha kama seva), ambacho kivinjari cha majaribio kimeelekezwa kukikubali. Cheti hicho kisikaribie kivinjari unachotumia kwa benki.

Dhana: Faili la rekodi naweza kumtumia yeyote.

Ndani yake mna vidakuzi, yaani alama ambazo tovuti hukutambua nazo, na ukirekodi wakati wa kuingia, hata nywila. Aliye nalo anaweza kuingia kwenye akaunti yako maadamu kikao hakijafungwa. Fungua akaunti ya majaribio, urekodi kwa hiyo.

Dhana: Rekodi moja inatosha miaka yote.

Tovuti hubadilika, na rekodi ya zamani hupima ukurasa ambao hautembelewi tena na mtu. Rekodi upya, lakini usiweke namba za rekodi mpya kwenye mstari mmoja na za zamani. Pima kwanza kodi ya zamani kwenye rekodi mpya, hapo ndipo hesabu inapoanza.