Je, wajua kwa nini ugonjwa wa neva za misuli hubadili pia fikra na tabia?

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ugonjwa huu, MND kwa kifupi, hulemaza mwili na kuiacha akili salama. Stephen Hawking, aliyeugua akiwa na miaka 21 na kuendelea na fizikia kwa zaidi ya nusu karne, aliipa nguvu imani hiyo. Lakini takriban nusu ya wagonjwa hupata mabadiliko ya fikra au tabia, na 10 hadi 15 katika kila 100 hupata demensia, yaani kudhoofika kwa akili, ya sehemu za mbele na pembeni za ubongo.

Chanzo kikubwa ni protini iitwayo TDP-43, iliyotambuliwa mwaka 2006. Kwa kawaida hukaa kwenye kiini cha seli. Katika MND hutoka humo na kuganda mabonge, na mabonge hayohayo huonekana kwa karibu nusu ya wenye demensia hiyo. Mwaka 2011 ikagunduliwa hitilafu ya jeni ya C9orf72, inayoweza kumlemaza mtu mmoja katika ukoo na kumbadilisha tabia nduguye.

Tofauti na ugonjwa wa Alzheimer, hapa kusahau siyo dalili inayotangulia. Mara nyingi huanza kutojali: mgonjwa haulizi habari za watoto, haanzishi jambo, hashtuki mwenzake akilia. Mke au mume hudhani amechukiwa, na hilo laweza kuumiza kuliko kulemaa kwenyewe. Wengine hushindwa kupanga kazi yenye hatua kadhaa. Wapo pia wanaoshindilia chakula mdomoni ilhali koo limeshadhoofika, wakapaliwa. Huyo asile peke yake. Apewe kidogo kidogo, ameze kwanza ndipo aongezewe.

Kupima kunahitaji uangalifu, kwani mtu mwenye ulimi mzito au mkono dhaifu ataonekana mzito wa akili. Kipimo cha fikra na tabia kiitwacho ECAS, kilichobuniwa Edinburgh, Uskoti, huchukua dakika 15 hadi 20 na kina alama 136. Mgonjwa akishataja au kuandika maneno yanayoanza na herufi fulani, huyasoma au kuyanakili tena. Muda wa kusoma au kunakili huondolewa kwenye muda wa kwanza, ukabaki muda wa kufikiri.

Hata hivyo, anayechanganyikiwa achunguzwe pumzi kwanza. Misuli ya kupumulia ikichoka, hewa ya ukaa hujilundika usiku. Asubuhi kichwa huuma, mchana ni kusinzia. Mashine ya kusaidia kupumua inaweza kurudisha utulivu. Kucheka au kulia ghafla bila sababu nako siyo demensia wala sonona: ni njia za ubongo zinazodhibiti hisia usoni zimeharibika, na zipo dawa zinazosaidia.

Maamuzi mazito, kama kuwekewa mpira wa kulishia tumboni, yazungumzwe mapema mgonjwa angali anapima faida na hasara mwenyewe. Aulizwe swali moja kwa wakati, kwa sentensi fupi, apewe chaguo mbili na asikimbizwe kujibu. Akikubali, matakwa yake yaandikwe na nakala ikae kwenye faili lake hospitalini.