Andika mpango wa insha yako kwa sentensi kamili

Chukua swali hili kuhusu vita vya watu wa kusini mwa Tanzania ya leo dhidi ya utawala wa Wajerumani: "Tathmini nafasi ya pamba katika kuzuka kwa Vita vya Maji Maji." Kila nikilitoa kwa wanafunzi wangu wa historia, mipango mingi inayorudi mezani ina sura moja: Utangulizi. Pamba. Kodi. Ukatili wa maakida. Imani ya maji. Hitimisho.

Shida ya mpango huu ni kwamba unajibu swali jingine. Swali lingesema "eleza sababu", orodha hiyo ingetosha. Limesema "tathmini", yaani pima uzito. Neno "Pamba" likiandikwa peke yake halipimi kitu. Bado hujasema unafikiri nini kuhusu pamba.

Kwa hiyo nawaomba wafute vichwa hivyo na badala yake waandike sentensi ambayo mtu anaweza kuipinga. Tazama mambo yanavyobadilika. Kwanza: mashamba ya pamoja ya pamba, yaliyoanza mwaka 1902 chini ya Gavana Götzen, yaliwanyima wakulima muda wa kulima chakula chao huku malipo yakiwa duni mno. Pili: ndiyo maana vita vilianzia Umatumbi, Julai 1905, kwa kung'oa pamba shambani. Tatu: lakini pamba peke yake haielezi kwa nini Wangoni wa Songea nao waliingia vitani. Nne: imani ya maji, yaani kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi, ndiyo iliyowaunganisha watu wenye malalamiko tofauti.

Soma sentensi hizo nne mfululizo. Insha imeshapata uti wa mgongo, na dai lako kuu limejitokeza lenyewe: pamba iliwasha moto, maji yakausambaza. Hilo liweke kwenye utangulizi. Mimi huandika utangulizi mwisho, maana siwezi kumtambulisha mgeni ambaye sijakutana naye.

Sasa ingia ndani ya aya, na hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea. Kuhusu mganga aliyeeneza imani ya maji, mwanafunzi anaandika: "Kinjeketile Ngwale alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905." Anaweka nukta, anahamia jambo jingine. Pembeni namwandikia: "Kwa hiyo?" Tarehe hiyo ina uzito mkubwa. Vita vilikuwa vichanga kabisa, na baada ya kifo chake viliendelea hadi mwaka 1907. Maana yake Wajerumani walimwua mtu ambaye ujumbe wake ulikuwa umekwisha kubebwa na wajumbe hadi mbali. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo hoja. Tarehe ni ushahidi tu. Ukiacha ushahidi bila maelezo, unamwachia msomaji kazi yako.

Kuhusu marejeleo sina mengi: andika jina la kitabu na ukurasa pale pale unaposoma, usingoje usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Ukimaliza rasimu, chukua kalamu ya rangi, pigia mstari sentensi ya kwanza ya kila aya, kisha zisome hizo tu kwa sauti. Aya ambayo sentensi yake haiendelezi iliyotangulia, ihamishe. Ikikosa pa kwenda, iondoe, hata kama ndiyo iliyokugharimu jioni nzima maktaba.