Uzazi si ugonjwa, lakini damu haingoji

"Wanawake wamezaa tangu enzi na enzi bila hospitali."

Kweli wamezaa, na wengi wamekufa wakizaa, ila waliokufa hawakubaki kusimulia. Hata mwaka 2023, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 260,000 walifariki kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini. Nyonga zao ni zile zile za wanawake wa nchi tajiri. Kinachotofautiana ni nani yuko kando ya kitanda na ameshika nini mkononi.

"Mtoto akishatoka salama kwa njia ya kawaida, hatari imekwisha."

Hii ndiyo dhana inayonitisha kuliko zote, maana humpata mama ambaye kila kitu kimemwendea vizuri. Mimba ikikomaa, nusu lita ya damu au zaidi hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe, inayojikaza na kuiminya. Ndiyo maana mkunga huweka kiganja kwenye tumbo la mama, usawa wa kitovu, akitafuta kitu kigumu cha mviringo, kama mpira uliojaa upepo. Akikuta kimelegea, anajua ana dakika tu. Mama mwenyewe wakati huo huenda anamtazama mwanawe na kutabasamu. Hakuna maumivu ya kumshtua, na wengi wanaotokwa na damu hawakuwa na dalili yoyote ya hatari kabla.

Damu iliyolowa kwenye shuka haipimiki kwa macho. Hata wazoefu hukadiria pungufu. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia kitu rahisi sana: mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, uliotandikwa chini ya makalio ya mama. Damu ikizidi, tiba zote hutolewa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (homoni ya kuukaza mfuko huo), dawa ya kugandisha damu, dripu, na kutafuta inakovujia. Hatari ya kutokwa na damu kupindukia, kupasuliwa tumbo kwa ajili yake au kufa ilipungua kwa asilimia 60.

Mtetezi wa uzazi wa asili atasema mwili una oksitosini yake. Unayo. Ya sindano ni homoni ile ile, tofauti ni kwamba kipimo chake kinajulikana, na haimzuii mtu kumweka mtoto kifuani na kumnyonyesha papo hapo.

"Hospitali ndiyo inayojua, wewe tulia."

Hapa wanaoitilia shaka hospitali wana hoja, tena nzito. Katika hospitali moja ya Vienna, wodi ya uzazi ya madaktari na wanafunzi wao ilikuwa ikiua wanawake kuliko wodi ya wakunga, kwa sababu madaktari walitoka kupasua maiti wakaingia kupima wazazi kwa mikono ile ile. Mwaka 1846 alikufa takriban mzazi mmoja kati ya tisa katika wodi hiyo. Mwaka 1847 daktari wa hapo, Ignaz Semmelweis, akaamuru kunawa kwa maji yenye klorini, na mwaka uliofuata akawa anakufa mmoja kati ya 80 hivi. Wenzake wengi walimpuuza.

Kuna ya karibu zaidi: kunyolewa, kupigwa enema (maji ya kusafisha utumbo), kulazwa chali kwa lazima, kuongezwa njia kwa kukatwa kila mwenye mimba ya kwanza. Wanawake na wakunga walilalamika kwa miaka, kisha tafiti zikawaunga mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 haupendekezi kuongeza njia kwa kila mzazi, na unakubali kwamba si kila njia hufunguka sentimita moja kwa saa. Hata mashine ya kufuatilia mapigo ya mtoto bila kukatiza, kwa mama asiye na tatizo, huongeza upasuaji na haijaonekana kupunguza mtindio wa ubongo, ingawa degedege la watoto wachanga hupungua. Angalia lakini kilichoziondoa desturi hizo: zilipimwa zikaonekana hazifai. Uasilia haukutosha kuwa hoja, kama vile usasa haukutosha kuzitetea.

"Kuzaa kwa upasuaji ni uvivu."

Aliyekatwa usiku wa manane kwa sababu mtoto amekwama hana wa kumwomba radhi. Uchungu uliokwama bila msaada huacha fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au choo, au jeneza. Hata hivyo upasuaji una gharama yake: kondo la mimba ijayo linaweza kujishikiza kwenye kovu, na hiyo ni balaa nyingine. Anayeutaka bila sababu ya kitabibu aambiwe hilo kabla.

"Ganzi ya mgongoni hukupeleka kwenye kisu."

Majaribio linganishi hayakuonyesha hivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli, lakini methali haikusema auvumilie bila dawa.

"Utafiti umeshathibitisha kuzaa nyumbani ni salama."

Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2011, wa wanawake karibu 64,000 wasio na hatari kubwa, haukuona tofauti kwa watoto wa waliowahi kuzaa. Kwa mimba za kwanza, matukio mabaya kwa mtoto yalikuwa 9.3 katika kila 1,000 nyumbani, na 5.3 katika wodi za madaktari. Tena wazazi hao wa mara ya kwanza, karibu asilimia 45 walihamishiwa hospitali kabla au mara baada ya kujifungua. Walikuwa na mkunga aliyesomea na gari la wagonjwa la kuita. Anayekupa takwimu hizo muulize gari lake liko wapi, litachukua dakika ngapi, na kama oksitosini yake iko kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, au imelala mkobani tangu asubuhi.