Pikipiki, Safari ya Mbali na Faini ya Mwendokasi: Yale Ambayo Mmiliki Huyapanga Akiwa Nyumbani

Wamiliki wa pikipiki wanaojiandaa kwa safari yao ya kwanza ya mbali huja kwetu wakufunzi na swali moja kabla ya mengine yote: askari wenye tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo, husimama wapi? Swali hilo linaeleweka, lakini jibu lake halimsaidii muulizaji, kwa sababu askari hubadilisha vituo kila siku, na dereva anayetegemea kupigiwa taa na wenzake hupunguza mwendo pale tu anapoonywa, kisha huongeza tena mbele ya shule inayofuata. Kwa uzoefu wetu, faini nyingi za mwendokasi huwa zimekwisha kuandaliwa nyumbani, na mtu aliyechelewa kuondoka, mwenye kipima mwendo kisichosema kweli, asiyejua njia yake inapita katikati ya vijiji vingapi.

Tuanze na umiliki, kwa kuwa faini hufuata namba ya usajili. Kosa la barabarani nchini Tanzania huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Jeshi la Polisi chini ya namba ya chombo, yaani ile inayoanza na herufi MC kwa pikipiki, na deni hilo hubaki hapo hata pikipiki ikibadilisha mikono. Kwa hiyo anayenunua pikipiki iliyotumika aitafute namba hiyo katika mfumo kabla ya kutoa fedha, alinganishe namba ya chesesi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, na baada ya kununua akamilishe uhamisho wa umiliki Mamlaka ya Mapato bila kuchelewa. Muuzaji naye ana sababu ileile ya kufuatilia uhamisho huo, kwani kadi ikiendelea kusoma jina lake, makosa ya mnunuzi yataendelea kumtafuta yeye. Makubaliano ya maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi mzuri wa mauzo, lakini hayabadilishi jina kwenye kumbukumbu za Serikali.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, na siku hizi stika yake hutolewa kwa njia ya kielektroniki na huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ihakiki mwenyewe siku unayoikata, maana stika bandia hugundulika siku mbaya kuliko zote, yaani siku ya ajali. Leseni iwe na daraja la pikipiki; dereva wa gari mwenye uzoefu wa miaka mingi hapati haki ya kuendesha pikipiki kwa sababu ya uzoefu huo. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto ilifutwa katika bajeti ya mwaka wa fedha 2017/18, hivyo asikudanganye mtu kwamba unadaiwa ada ya mwaka huu.

Sasa tuje kwenye kipima mwendo, jambo ambalo waendeshaji wengi hulipuuza na ambalo kwa maoni yangu ndilo la kwanza kukaguliwa. Pikipiki nyingi ndogo tunazozitumia husoma mwendo kwa waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele, na waya huo ukikatika mmiliki huweza kukaa miezi mingi akikadiria mwendo kwa sauti ya injini. Ukadiriaji huo ndani ya mji unaweza kukaribia ukweli. Baada ya saa mbili za barabara kuu haukaribii hata kidogo, kwa kuwa macho na masikio huzoea kasi, na mtu aliyekuwa akienda kilomita 90 kwa saa huona 65 kuwa ni mwendo wa kutambaa. Waya mpya ni bei ndogo kuliko faini moja au mbili.

Hata kipima mwendo kinachofanya kazi huweza kupotosha. Kikiwa kizima kutoka kiwandani, kwa kawaida huonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko halisi, kwa sababu Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu kionyeshe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Lakini ukifunga tairi la mbele lenye mzingo mkubwa kuliko la awali, gurudumu huzunguka mara chache zaidi katika kila kilomita na usomaji hushuka. Kwenye pikipiki zinazosoma mwendo kutoka kwenye gia, tatizo huja kwa sproketi, yaani gurudumu la meno linalopitisha mnyororo. Msafiri anayebadilisha sproketi ya nyuma yenye meno 42 akaweka yenye meno 38, ili injini isilie sana kwenye barabara ndefu, ameongeza mwendo halisi kwa takriban asilimia 10 bila kipima mwendo kujua, na kinapomwonyesha 50 yeye yuko 55. Tochi ya askari haisomi sproketi. Inasoma chombo kinavyokwenda. Tumia simu yenye programu inayosoma mwendo kwa setilaiti, ulinganishe mara moja kwenye barabara iliyonyooka huku mwenzako akisoma namba, kisha kumbuka tofauti.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na alama ya duara lenye ukingo mwekundu huonyesha mahali kikomo kinapoanza. Kinapoisha, huwekwa alama nyeupe yenye mistari meusi ya mshazari. Kosa ambalo waendeshaji hulirudia ni kuhesabu mwisho wa nyumba kuwa mwisho wa kikomo. Nyumba zinaweza kuisha mita 300 kabla ya alama, na mita hizo 300 ndizo ambazo watu hushika kasi mapema na kukamatwa. Subiri alama, hata kama mbele yako unaona mashamba matupu.

Chukua mfano wa safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, takriban kilomita 500. Baada ya Kibaha unakutana na Mlandizi, Vigwaza, Chalinze, Bwawani na Mikese kabla hujafika Morogoro, na baada ya Morogoro kuna Mzumbe, Melela na Doma. Tuseme kila makazi yana urefu wa kilomita 2 zenye kikomo cha 50. Ukipita kwa 50 utatumia dakika 2 na sekunde 24. Ukipita kwa 80 utatumia dakika 1 na nusu. Umeokoa sekunde 54. Kwa makazi 10 umeokoa dakika 9 katika safari ya siku nzima, na dakika hizo zote huliwa na askari mmoja tu anayekusimamisha, akakagua nyaraka na kukuandikia. Hesabu hii huwashangaza wanafunzi wetu kuliko somo lolote la sheria, nami ningependa kila msafiri aifanye kwa kalamu yake mwenyewe kabla ya kuondoka.

Fedha yenyewe ya faini si kubwa. Katika bajeti ya 2021/22 faini ya papo kwa papo kwa makosa ya pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na wako wanaoihesabu kama sehemu ya gharama za njiani, sawa na mafuta. Hapo ndipo ninapotofautiana nao kwa dhati. Ukienda 50 na mtoto akatokea barabarani, unahitaji takriban mita 37 kusimama: mita 21 hupotea katika sekunde moja na nusu ya kuona na kuamua, na 16 ni za breki zenyewe kwenye lami kavu. Ukienda 80 unahitaji mita 74. Ukienda 100 unahitaji mita 106, urefu wa uwanja mzima wa mpira wa miguu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Kikomo cha kijijini kiliwekwa kwa ajili ya mtoto huyo.

Katika kusimama, breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu uzito huhamia mbele pikipiki inapopunguza mwendo. Waendeshaji wetu wengi huiogopa na kukanyaga ya nyuma peke yake. Jifunze kuibana taratibu na kwa kukaza, kwenye uwanja mtupu, ukiwa na mzigo uleule utakaosafiri nao. Kofia ngumu ifungwe mkanda, yako na ya abiria. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42.

Baada ya Doma barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kupita ndani yake kwa takriban kilomita 50. Hapa mwendo unadhibitiwa kwa alama za hifadhi, na anayemgonga mnyama hutozwa kulingana na aina ya mnyama, kiasi ambacho kwa baadhi yao kinazidi thamani ya pikipiki yenyewe. Usipite hapa usiku. Nyati aliyesimama gizani haonekani kwa taa ya pikipiki ya cc 150 hadi umemkaribia mno. Usisimame kupiga picha mahali palipo na wanyama, kwani huna mlango wa kufunga.

Kwa sababu hiyo mpango ninaoupendekeza kwa mwenye pikipiki ya cc 125 hadi 150 ni kuondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi, kupumzika Chalinze na Morogoro, na kulala mji mdogo wa Mikumi, ambao uko ng'ambo ya hifadhi na takriban kilomita 300 kutoka ulipoanzia. Kwa wastani wa kilomita 55 kwa saa pamoja na mapumziko utafika mchana, jua likiwa bado juu. Siku ya pili unapita Ruaha Mbuyuni na kupanda Mlima Kitonga asubuhi ukiwa na nguvu mpya. Malori hupanda Kitonga polepole sana, na kishawishi cha kuyapita kwenye kona ni kikubwa. Mstari usiokatika unakukataza, na lori linaloshuka upande wa pili huenda halina uwezo wa kukukwepa. Siku ya kurudi shuka kwa gia ndogo ukiacha injini ishikilie mwendo, ili breki zisichemke. Iringa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo pikipiki yenye kabureta itapungua nguvu kidogo, na wewe utahitaji koti ambalo Dar es Salaam ulikuwa ukiona aibu kulibeba.

Anayekwenda Kenya kupitia Namanga au Horohoro akate bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayotambulika nje ya nchi, na abebe kadi ya pikipiki yenye jina lake. Kule faini za mwendokasi hupanda kwa ngazi: kuzidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000.

Ukisimamishwa, zima injini, vua kofia, salimia, na omba kwa heshima kuonyeshwa mwendo uliosomwa na mahali uliposomwa. Ukikubali kosa, pokea namba ya kumbukumbu ya malipo na ulipe kwa benki au simu. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi, na usiache deni lirundikane, kwa kuwa ucheleweshaji huliongeza. Usipokubali kosa, hulazimiki kulipa papo hapo: sheria inakupa haki ya kufikishwa mahakamani na kusikilizwa, na ni vema uandike palepale saa, jina la mahali na alama ya mwendo uliyoipita mwisho.